Gari Linakosa Pumzi Marangu: Tuliongezee Nini?

Kuanzia tarehe 18 Desemba hivi, barabara inayotoka Chalinze kupita Korogwe, Mombo na Same hujaa magari ya Dar es Salaam. Ni Wachagga wanaorudi kwao kwa Krismasi, na watani wao husema wanakwenda kuhesabiwa. Gari lililozoea Mwenge na Mbagala linapakiwa watoto, masanduku, mchele wa bibi na kreti ya soda, linakimbia kilomita mia tano na ushee bila kudai kitu, kisha linafika Himo na kuanza kupanda. Hapo ndipo injini iliyosifiwa njia nzima inapoanza kukohoa.

Wiki ya Krismasi iliyopita nilikuwa kwenye gereji moja ya Pasua, mjini Moshi, nikisubiri rejeta ya gari langu izibwe. Kuhusu rejeta hiyo sitasema mengi: kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimeisahau miaka miwili. Tulikaa watu sita chini ya mwembe, juu ya viti vya magari yaliyokwisha kufa, na mada ikaletwa na kijana aliyeingia na Subaru Forester ya mwaka 2009. Mkononi alikuwa na mfuko wa Kariakoo wenye kiboksi kidogo cheusi na kichujio cha hewa cha umbo la pia. Alitaka kiboksi kichomekwe kwenye pedali ya mafuta, kichujio kifungwe badala ya eya klina ya kiwandani, masega yaliyomo ndani ya egzosti yatolewe, na bomba la nyuma libadilishwe liwe pana. Fundi hakushika spana. Alikaa, akajifuta mikono, na mjadala ukaanza. Majina ya watu nayaacha. Nitawaita kwa kazi zao.

KIJANA: Fundi, shikamoo. Mimi sitaki mengi. Jana nilikuwa napanda kwetu Mamba, nyuma kuna mama, shangazi na watoto wanne. Nakanyaga mafuta, gari linafikiri kwanza. Nakanyaga tena, linashusha gia mbili, linalia kama linachinjwa, halafu linatambaa vilevile. Hiace ya abiria ikanipita kwenye kona! Na mikungu ya ndizi juu ya keria!

DEREVA WA HIACE: Pengine ilikuwa yangu.

FUNDI: Marahaba. Watu saba ndani ya Forester, halafu unailaumu injini.

KIJANA: Watoto wadogo hao, fundi. Nataka gari nikiligusa liitike. Jamaa yangu wa Sinza kafunga kiboksi kama hiki, anasema gari limekuwa jipya.

MWALIMU (alifundisha fizikia miaka mingi, sasa amestaafu): Mwanangu, zamani kulikuwa na waya. Unakanyaga pedali, waya unavuta kilango cha hewa, kilango kinafunguka. Gari lako halina waya huo. Pedali yako ni sensa. Inapeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua kilango kifunguke kiasi gani. Hicho kiboksi kinakaa katikati na kubadilisha ujumbe. Wewe umekanyaga robo, chenyewe kinasema nusu. Basi. Hakijaongeza hata tone la hewa. Ukikanyaga mpaka sakafuni nacho, na ukikanyaga mpaka sakafuni bila hicho, injini inatoa nguvu ileile.

KIJANA: Lakini Mwalimu, nani anaendesha mpaka sakafuni? Mimi naendesha katikati, na hapo katikati ndipo gari langu lina usingizi. Likichangamka hapo, si nimepata nilichotaka?

Hapa kukawa kimya kidogo. Niseme ukweli: kijana alikuwa na hoja, na sikusikia mtu akiikubali kwa sauti. Mtu haendeshi karatasi ya vipimo, anaendesha kile mguu wake unachokisikia. Ila Dereva wa Hiace alikuja na jibu ambalo halikuwa la kitabuni.

DEREVA WA HIACE: Mangi, wewe umezoea lami. Njoo Kibosho mvua ikinyesha, njia ya udongo, upande huu mfereji, upande huu migomba ya mwenye shamba. Unatakiwa kurudi nyuma kupisha pikapu ya maziwa. Hapo unataka mafuta ya kuonja, ya kijiko cha chai. Pedali ikiwa na kiherehere, tairi zinaserereka, na shamba la watu umeshaingia.

FUNDI: Kwanza hebu tufungue tuone anachopumulia huyu mnyama.

Akafungua boneti. Eya klina ilitoka nyeusi, na ilipogongwa ukutani ikamwaga vumbi la Same na Mwanga karibu kiganja kizima. Kisha akalegeza bomba la hewa akatuonyesha kilango chenyewe, ambacho mafundi wetu hukiita throto. Ukingo wake ulikuwa umevikwa masizi ya kahawia, mazito kama ugoro. Kilango kikiwa na uchafu wa namna hiyo, hewa ya kwanza, ile ya mguu kugusa tu, haipiti ipasavyo, na kompyuta inahangaika kufidia. Ule usingizi wa katikati kumbe ulikuwa na mlango wake.

FUNDI: Plagi umebadilisha lini?

KIJANA: Dar, mwaka huu. Nililipia nne.

FUNDI: Injini ya Subaru imelala chali, pistoni zinasukuma kushoto na kulia. Plagi zimejificha ubavuni. Ukitaka kuzifikia vizuri unatoa betri, unatoa na chupa ya maji ya kioo. Fundi mvivu anabadilisha zile zinazofikika, anakulipisha zote.

(Zilipotolewa baadaye, mbili zilikuwa mpya na mbili za zamani. Fundi hakusema neno. Alizipanga tu juu ya boneti, mbilimbili.)

MWALIMU: Sasa tuuzungumzie mlima, maana hata gari safi mlima unalinyang'anya. Moshi mjini tuko kama mita 800 juu ya bahari. Lango la Marangu ni zaidi ya mita 1,800. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, injini inayovuta hewa kwa mapafu yake yenyewe inapoteza asilimia 10 hivi ya nguvu zake. Forester hii ina nguvu za farasi karibu 150 ikiwa Dar. Ikifika langoni, farasi kama 25 au 30 wamebaki njiani.

KIJANA: Wamekwenda wapi, na silinda ni zilezile?

MWALIMU: Silinda ni zilezile, kilichopungua ni hewa. Injini ya lita mbili kwa mizunguko 3,000 ya dakika moja inameza hewa ya lita zisizozidi 3,000, iwe Dar iwe Marangu. Lakini lita ya Marangu ni nyepesi. Kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Lita moja ya petroli, ukiwa ufukweni, inakula hewa ya lita kama 9,000. Langoni Marangu itabidi uipe lita 11,000 ndipo ishibe. Injini haina kinywa cha kumeza zaidi, kwa hiyo kompyuta inapunguza petroli ilingane na hewa iliyopo. Mnapunguziwa vyote viwili.

DEREVA WA UTALII (mzee wa Land Cruiser, ameendesha wageni Serengeti na Ngorongoro tangu ujana wake): Enzi ya kabureta hapakuwa na huo ustaarabu. Kabureta haijui kama umefika juu. Inamwaga petroli ileile, hewa haipo, gari linanuka, plagi zinakuwa nyeusi. Tulikuwa tunapanda na plagi za akiba mfukoni.

KIJANA: Kwa hiyo dawa ni hewa. Na mimi nimeleta kichujio kinachopitisha hewa nyingi! Mbona mnanizunguka?

FUNDI: Kichujio chako kinakaa wazi ndani ya boneti, kando ya injini ya moto. Kile cha kiwandani kinavuta hewa ya nje, ya baridi. Hewa ya moto ni nyepesi, sawa na kupanda mlima mara ya pili. Halafu kimepakwa mafuta ili kidake vumbi. Mafuta yakizidi yanaruka yanakwenda kukaa kwenye sensa ya kupima hewa, na sensa ikishapata utando inaidanganya kompyuta. Na vumbi letu hili jekundu halina mzaha. Likipita, linakwangua silinda kama msasa.

MAMA MWENYE MAGARI (ana Hiace mbili za njia ya Marangu, alikuwa amekuja kulipia klachi): Samahanini. Mimi sijui sensa. Najua risiti. Miaka mitatu iliyopita Hiace yangu moja ilikuwa inachemsha. Fundi mmoja, si huyu, akaniambia, Mama, tutoe thamostati, magari ya nchi za joto hayaihitaji. Tukaitoa. Kweli, ikaacha kuchemsha. Lakini tangu siku hiyo mafuta niliyokuwa nayajaza ya siku moja hayakufika jioni. Nilimwita dereva wangu mwizi. Nilimfukuza kazi. Baadaye ndipo nikaambiwa ni ile thamostati.

Hakuna aliyecheka. Katika marekebisho yote yanayofanywa na mafundi wetu, hili la kutoa thamostati ndilo limeenea kuliko yote, na ndilo halihesabiwi kuwa rekebisho. Mtu anadhani ameondoa kikwazo. Kifaa hicho hukaa kimefunga njia ya maji mpaka injini ipate moto wa digrii 80 hivi, kisha hufungua. Kikitolewa, maji ya rejeta yanazunguka tangu asubuhi, na asubuhi ya Julai huku Marangu unavaa sweta mbili. Injini haifiki joto lake. Kompyuta inaona mgonjwa wa baridi, inamwongezea petroli, na kila unapokanyaga gari linaitika kwa uvivu. Watu wanakwenda kununua kiboksi cha kutibu ugonjwa waliojitia wenyewe.

FUNDI: (akigusa bomba la juu la rejeta ya Forester, ambayo ilikuwa imeendeshwa nusu saa nzima) Na hili nalo halina thamostati. Bomba ni vuguvugu.

KIJANA: Wallahi sijui.

FUNDI: Huwezi kujua. Halafu dawa ya kuchemsha mlimani mara nyingi ni kifuniko cha rejeta. Maji ya wazi, huko langoni, yanachemka kwenye digrii 94 hivi, hayasubiri 100. Kifuniko kizima kinayabana yasichemke. Chemchemi yake ikilegea, umekwisha. Kifuniko ni bei ya chipsi kuku.

DEREVA WA HIACE: Niseme kilichompita huyu mdogo wangu jana. Hiace yangu ni dizeli ya lita tatu, na tabo imetoka nayo kiwandani. Mimi mlima siusikii sana. Kile kipangaboi kinasukuma hewa ndani, iwe nyepesi iwe nzito.

KIJANA: Ehee! Basi nifungieni tabo.

MWALIMU: Hapo umegusa historia. Mhandisi Mmarekani, Sanford Moss, mwaka 1918 alipeleka injini ya ndege, ile iliyoitwa Liberty, kwenye kilele cha Pikes Peak kule Colorado, mita 4,300. Chini injini ilikuwa na nguvu za farasi 350. Kileleni, bila tabo, ikatoa 230. Alipoifunga tabo, kulekule kileleni, ikatoa 356. Yaani tabo ilipewa mtihani wake mkubwa mlimani, kwa shida hiihii yako ya jana. Na ule mlima ni mfupi kuliko huu wetu kwa karibu mita 1,600.

KIJANA: Mwalimu umenimalizia kazi. Fundi, tabo!

DEREVA WA UTALII: Subiri, mjukuu wangu. Mimi nina hadithi ya tabo.

Alisogeza kiti chake. Nilikuwa nimekwisha kumwona kuwa ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo wote tulinyamaza.

DEREVA WA UTALII: Mnazijua Land Cruiser za watalii, zile ndefu, zilizokatwa chasi zikaunganishwa, paa linanyanyuka wageni wasimame watazame simba. Nyingi zina injini ya 1HZ. Silinda sita, lita 4.2, dizeli, haina tabo, haina kompyuta ya kusumbua. Toyota waliitoa mwaka 1990. Nguvu za farasi 130 hivi, kwa gari la tani tatu likiwa na wageni saba, majokofu na matairi mawili ya akiba. Ukipanda ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, unaweza kushuka ukatembea kando yake. Sasa bosi mmoja niliyemfanyia kazi akachoka kusikia wageni wakiuliza kama gari ni bovu. Akanunua tabo za dukani, akafunga magari manne. Mwaka wa kwanza, raha tupu. Nilikuwa naimba nikipanda Karatu. Mwaka wa pili moja ikapasua silinda hedi, katikati ya valvu. Mwezi uliofuata, ya pili.

KIJANA: Tabo zilikuwa mbovu?

DEREVA WA UTALII: Tabo zilikuwa nzima.

FUNDI: Ni hivi. 1HZ inawasha dizeli kwenye kijichumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, kabla moto haujashuka kwenye pistoni. Joto lote linakaa kichwani. Na inabana hewa zaidi ya mara 22. Ndugu yake aliyezaliwa na tabo, 1HD-T, anadunga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na anabana chini ya mara 19. Hao wawili ukiwatazama nje utasema mapacha, ndani kila mmoja amejengwa kwa kazi yake. Unaweza kuifunga 1HZ tabo ikaishi, nimezifunga mimi. Lakini unapuliza kidogo tu, unaweka kipimo cha joto la egzosti mbele ya dereva, na dereva awe mtu wa kukisoma. Bosi akisikia kipimo cha joto anasema hicho anasa, kiache.

MAMA MWENYE MAGARI: Na dereva akiambiwa asome geji, anasoma simu.

DEREVA WA UTALII: Kuna wengine hawafungi hata tabo. Wanazungusha skrubu ya pampu tu, dizeli iingie nyingi. Gari linavuta kidogo, na nyuma linafuka.

FUNDI: Dizeli imeongezeka, hewa haijaongezeka. Inayobaki bila kuungua ndiyo lile wingu. Mtu anaona moshi mweusi, anasema gari lina nguvu.

DEREVA WA HIACE: Si tuko Moshi!

Utani huo umechoka, ila ulituchekesha. Ninachokijua mimi ni kwamba ukipanda nyuma ya lori lililozungushwa pampu, kati ya Himo na Marangu, unafika na kola ya shati imebadilika rangi, na wanafunzi wanaotembea pembeni wamejiziba pua kwa sweta za shule.

KIJANA: Sawa. Tabo kwenye gari langu haifai?

FUNDI: Utanunua tabo, bomba zake, intakula ya kupoza hewa, nozeli kubwa, pampu ya mafuta, programu mpya ya kompyuta, na pistoni ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo utaziacha mulemule. Ukishapiga hesabu, uza hili ununue Forester iliyotoka kiwandani na tabo. Utabakiwa na nauli.

KIJANA: Na kuiandika upya ile programu ya kompyuta peke yake? Vijana wa mjini wanaita kutuni.

MWALIMU: Kwenye injini yenye tabo, programu inaweza kuamuru tabo isukume zaidi, hapo faida unaiona, na hatari pia. Kwenye injini yako isiyo na tabo, programu itaamuru nini? Hewa ni ile ile ya Mungu. Utapata asilimia chache, na hizo zote mlima utazichukua kabla hujafika kanisani.

KIJANA: Masega je? Bomba pana? Gari litoe sauti ya kiume kidogo.

MAMA MWENYE MAGARI: Baba, wewe unataka nguvu au unataka usikike? Maana sisi huku Jumapili tunasali. Juzi padri alisimamisha mahubiri, akasubiri mtoto wa mtu na bomba lake amalize kupanda.

Kijana hapo aliinamisha kichwa, nadhani kwa kuwa na yeye alimjua huyo mtoto wa mtu. Fundi alieleza kwa ufupi: masega yakiziba kweli, gari linakabwa, na yanapimika; kama hayajaziba, kuyatoa kunakuachia taa ya injini inayowaka kila siku, harufu, na watu wa kununua masega kwa kilo wakikushukuru. Mwalimu akagusia bima: ukibadili injini kimyakimya, siku ya ajali usishangae kampuni ikikuuliza mbona hukuwaambia. Na ukiweka injini nyingine kabisa, kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani na ujazo wake. Hilo halikujadiliwa zaidi. Watu walikuwa wanataka mashindano.

KIJANA: Lakini madereva wa Safari Rally si walirekebisha magari? Mngewaambia na wao wabadilishe eya klina tu?

DEREVA WA UTALII: Sasa umeniamsha. Mwaka 1966 na 1967 mbio zile alizishinda mkazi wa Tanzania, Bert Shankland, mara mbili mfululizo. Na gari gani? Pijo 404. Gari la mkaguzi wa shule! Lita 1.6, yenye mfumo wa kudunga mafuta badala ya kabureta. Magari yenye mbio kuliko lile yalikuwepo, yakabaki kwenye matope na makorongo. Mimi nilikuwa mtoto, baba yangu alikuwa na redio.

KIJANA: Hiyo zamani, Mzee.

MWALIMU: Na 1984 Toyota wakaja na Celica yenye tabo, Björn Waldegård akashinda, wakarudia 1985 na 1986. Kwa hiyo kijana hajakosea, tabo ilishinda. Lakini lile gari liliinuliwa, likaimarishwa chasi, likawekewa ngao chini, taa, bomba la kuvutia hewa juu kabisa lisimeze maji, na likawa na gari la mafundi linalolifuata. Nguvu ilikuwa kitu kimojawapo katika vingi.

MAMA MWENYE MAGARI: Mmeongea kupanda saa nzima. Hakuna hata mmoja aliyeongea kushuka.

Ni kweli. Nilitazama saa yangu, tulikuwa tumeongea saa nzima na dakika kumi.

MAMA MWENYE MAGARI: Hiace yangu ya pili ilikatika breki mwezi wa nne, inashuka kutoka Marangu, imejaa. Injini ilikuwa nzima kabisa. Dereva aliipeleka ukingoni, ikalalia ukuta wa udongo na kahawa za watu. Hakufa mtu, namshukuru Mungu mpaka leo. Nililipa kahawa kumi na moja. Nilipouliza nikaambiwa breki hazikukatika, zilichemka. Mimi nilidhani kinachochemka ni maji.

MWALIMU: Hesabu yake ni nyepesi. Gari la tani moja na nusu likishuka mita 1,000, toa kinachochukuliwa na upepo na matairi, linabaki na joto la kuchemsha ndoo nzima ya lita 20 na zaidi. Kama hutumii injini kulizuia, joto hilo lote linakwenda kwenye diski nne za chuma na pedi zake. Oili ya breki nayo inanyonya unyevu miaka inavyokwenda. Ikishakuwa na maji inachemka mapema, inatoa mapovu. Unakanyaga pedali unakanyaga mapovu.

DEREVA WA HIACE: Ndiyo maana sisi tunashuka na gia tuliyopandia. Hawa wa otomatiki wanaweka D, wanashikilia breki kutoka langoni mpaka Himo. Unawapita unasikia harufu kama ya tairi linaloungua, na mziki ndani wamefungulia.

KIJANA: Otomatiki ina gia ya kushukia?

Nadhani swali hilo ndilo lililomaliza mjadala. Fundi hakujibu. Aliingia ndani ya Forester, akasogeza mkono wa gia kutoka D, akamwonyesha.

Msimamo wangu ni huu. Mtu mwenye pesa na anayejua anachokifanya, akitaka kuifumua injini na kuijenga upya, ni haki yake, na mafundi wa Moshi na Arusha wanaorefusha chasi za Land Cruiser wameshaonyesha kwamba ujuzi tunao. Siwacheki vijana wanaopenda magari. Taifa lisilo na vijana wa kufungua boneti litaagiza kila kitu mpaka kofia ya tairi. Lakini nusu ya kinachouzwa kama nguvu ni kelele, na robo yake ni pedali yenye haraka. Gari lililotumika miaka kumi Japani na mitano Dar halijafika hata kwenye nguvu lililozaliwa nazo. Lina madeni: eya klina, plagi, throto, thamostati, kifuniko cha rejeta. Mwenye gari alipe kwanza hayo, aupande mlima, ndipo aseme linakosa nini. Akiona bado, anunue gari lenye tabo ya kiwandani. Na shilingi ya kwanza ya kubadili chochote iende kwenye breki.

Kijana aliondoka saa kumi na moja jioni akiwa na eya klina mpya ya kawaida, plagi nne, thamostati, throto iliyosafishwa, oili ya breki na pedi za mbele. Masega hayakuguswa. Kiboksi kilirudi kwenye mfuko wake wa Kariakoo. Alisema atakifunga akirudi Dar, na hakuna aliyembishia. Nawe utakayepanda Desemba ijayo, mwambie fundi akague breki kabla hujatoka nyumbani, na siku ya kushuka kutoka Marangu au Rombo weka gia ya pili kabla mteremko haujaanza.